Je, kingamwili inaweza kuua seli ya lukemia bila msaada wa seli nyingine za kinga?

Mwalimu wa Baiolojia aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninaomba msaada wa wenye ujuzi wa elimu ya kinga na magonjwa ya damu. Ninafundisha baiolojia katika madarasa ya juu ya sekondari, na ninapofika kwenye mada ya kinga ya mwili huwa naeleza kwamba kingamwili haiui chochote kwa mkono wake. Kazi yake ni kumshika adui na kumtia alama, kisha makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza wavamizi, humla, au seli za NK, chembe nyeupe za damu zinazoua seli zenye kasoro, humshambulia, au zile protini za damu ziitwazo komplementi humfungulia matundu kwenye utando mpaka apasuke.

Sasa nimesoma maelezo ya dawa za saratani ya damu yanayosema wazi kwamba baadhi ya kingamwili huua seli za lukemia ya binadamu moja kwa moja, pasipo kuhitaji yeyote kati ya wasaidizi hao. Wanafunzi wangu wameyasoma pia, nao wananiuliza swali ambalo sitaki kulijibu kwa kubahatisha: kingamwili ni protini tu, haina sumu, na hukaa nje ya seli, inaua kwa kitu gani? Ningependa pia kujua watafiti huthibitishaje kwamba hakuna msaidizi aliyejificha ndani ya jaribio, na, ikiwa jambo hili ni la kweli, kwa nini lukemia zote hazitibiwi kwa njia hiyo.

Mtafiti wa Kinga alijibu:

Mwalimu, unachowafundisha ni sahihi kwa kingamwili nyingi, na hata katika dawa za saratani wasaidizi uliowataja ndio wanaofanya sehemu kubwa ya kazi. Kuna kipande kimoja tu cha kuongeza. Kingamwili ya aina ya IgG ina mikono miwili na mkia mmoja. Mkia ndio unaoita makrofaji, seli za NK na komplementi, na mikono ndiyo inayoshika shabaha. Mauaji ya moja kwa moja ni kazi ya mikono: inaikamata protini fulani iliyo juu ya utando wa seli, na kule kukamatwa kwenyewe kunapeleka ndani amri ya kufa. Silaha imo ndani ya seli ya lukemia yenyewe, kwa sababu seli za mwili wetu hubeba mitambo ya kujimaliza, na saratani huidhoofisha au kuizima sehemu fulani lakini ni nadra kuing'oa yote. Kingamwili inayofaa ni ile inayogusa swichi ambayo bado inafanya kazi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kipokezi kiitwacho Fas, ambacho pia hujulikana kama CD95. Mwaka 1989 makundi mawili yaliyokuwa yakifanya kazi mbalimbali, la Shin Yonehara na wenzake nchini Japani na la Peter Krammer na wenzake mjini Heidelberg, Ujerumani, yalieleza kingamwili ambazo zikitiwa kwenye seli za binadamu zilizokuzwa maabara ziliziua zenyewe. Baadaye ilibainika kwamba makundi yote mawili yalikuwa yameshika kipokezi kilekile. Vipokezi vya Fas vikiwa vimetawanyika juu ya seli havileti madhara, lakini kingamwili inapovikusanya mahali pamoja, sehemu zake zilizo upande wa ndani hukaribiana na kuvuta protini iitwayo FADD, nayo huvuta kimeng'enya kiitwacho kaspesi-8. Molekuli za kaspesi-8 zikirundikana huamshana, kisha humwamsha ndugu yao, kaspesi-3, ambaye hukatakata protini muhimu za seli na kuachilia kimeng'enya cha kukata DNA. Seli hunywea, hutoa mapovu kwenye utando, na kugawanyika vipandevipande. Seli za Jurkat, ambazo asili yake ni lukemia ya limfosaiti T (aina ya chembe nyeupe za damu) ya kijana mmoja na ambazo zinatumika katika maabara nyingi duniani, hufa hivyo zikiguswa na kingamwili ya Fas, na mtu anaweza kuziangalia kwa hadubini ya kawaida zikibadilika umbo.

Angalia jambo moja katika mfano huo, kwa maana ndilo ufunguo wa mengine: kinachoua ni kukusanywa kwa vipokezi. Ndiyo maana kingamwili ya aina ya IgM, yenye mikono kumi, mara nyingi huua vizuri kuliko IgG yenye miwili, na ile ya Yonehara ilikuwa IgM. Kipande cha kingamwili chenye mkono mmoja tu kinaweza kushika Fas barabara na seli isidhurike.

Njia ya pili haipiti kwa kaspesi kabisa, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito zaidi kwa wagonjwa wa lukemia sugu ya limfosaiti. Shabaha yake ni CD20, protini iliyo juu ya limfosaiti B. Kingamwili za CD20 hugawanywa katika aina mbili kulingana na tabia zao. Aina ya kwanza, kama rituksimabu na ofatumumabu, huivuta CD20 mpaka kwenye visiwa vya mafuta vilivyomo katika utando na kuwasha komplementi kwa nguvu, lakini peke yake haiui sana. Aina ya pili, kama obinutuzumabu, hukaa juu ya seli kwa idadi ipatayo nusu ya ile ya aina ya kwanza na huwasha komplementi kidogo tu, ilhali huua moja kwa moja zaidi. Seli zilizoshikwa na aina ya pili hugandana, nyuzi za aktini hujipanga upya pale zinapogusana, kisha lisosomu, vile vifuko vya vimeng'enya vya kumeng'enya taka za seli, huvuja na kumwaga yaliyomo ndani ya seli. Molekuli kali za oksijeni huzalishwa na seli hufa. Ukiweka dawa ya kuzuia kaspesi, kifo hakizuiliki. Ukitumia seli zenye BCL-2 nyingi, ile protini inayozuia seli kujiua kwa kupitia mitokondria, bado zinakufa, na seli za lukemia sugu ya limfosaiti zinajulikana kwa wingi wa BCL-2. Kwa hiyo njia ya lisosomu inapita pembeni mwa kizuizi ambacho dawa nyingi za kemikali hukwama.

Ipo na ya tatu, ambayo haizungumzwi sana: kuujeruhi utando wenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Stanford ilichunguzwa kingamwili ya binadamu ya aina ya IgM iliyopewa namba 216, inayoshika sukari fulani juu ya limfosaiti B na kuacha majeraha kwenye utando ambayo seli hushindwa kuyaziba. Ilifikishwa katika jaribio la awali kwa wagonjwa wa lukemia kali ya limfosaiti B iliyorudi baada ya matibabu.

Fundi wa Maabara alijibu:

Mtafiti ameeleza vizuri jinsi seli inavyokufa. Mimi nitajibu swali la pili la Mwalimu, kwa sababu kazi yangu ya kila siku ni vipimo hivi, na ninaamini kwamba thamani ya dai la kuua moja kwa moja iko kwenye vidhibiti vya jaribio kuliko mahali pengine popote.

Kanuni ni kumwondoa kila msaidizi, mmoja baada ya mwingine, na kuangalia kama kifo kinabaki. Komplementi huondolewa kwa kupasha seramu moto wa nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, au kwa kutotumia seramu kabisa. Seli za NK na makrofaji huondolewa kwa kuzisafisha seli za lukemia mpaka zibaki zenyewe, jambo ambalo ni rahisi kwa seli zilizozoea kukuzwa maabara na gumu kwa damu iliyotoka kwa mgonjwa. Kisha mkia wa kingamwili hukatwa kwa kimeng'enya cha pepsini, na kipande kinachobaki, chenye mikono miwili bila mkia, hujaribiwa upya. Kama kipande hicho bado kinaua, hoja inakuwa na nguvu sana, kwa kuwa hakina cha kuitia wasaidizi. Sambamba na hayo yote huwekwa kingamwili ya aina ileile isiyoshika chochote kwenye seli hizo, ili kupima vifo ambavyo vingetokea hata hivyo.

Kuna mtego ambao wasomaji wengi wa nje ya maabara hawaujui. Chupa nyingi za kingamwili zinazouzwa kwa ajili ya utafiti hutiwa azidi ya sodiamu ili zisiote bakteria, na azidi hiyo ni sumu kwa mitokondria. Mtu akiimimina kingamwili hiyo kwenye seli bila kuisafisha kwanza, seli zitakufa na ataandika kwamba kingamwili imeziua. Kidhibiti chenye azidi ya kiasi kilekile, au kuisafisha kingamwili kwa kuibadilishia majimaji, ni jambo la lazima.

Upimaji wa vifo vyenyewe hutumia rangi mbili. Protini ya aneksini V iliyofungwa rangi hushika fosfatidilserini, mafuta ambayo seli hai huyaweka upande wa ndani wa utando na ambayo hujitokeza nje seli inapoanza kufa. Rangi ya pili, propidiamu, haiwezi kupenya utando mzima, hivyo inapoingia na kuwaka nyekundu maana yake utando umekwisha kupasuka. Seli hupitishwa moja moja mbele ya mwale wa leza na kuhesabiwa. Ukizipima kwa vipindi kadhaa utaona kama aneksini imetangulia, kama ilivyo kwa Fas, au kama rangi zote mbili zimeingia karibu pamoja, kama inavyotarajiwa utando unapojeruhiwa.

Hapo ndipo ninapotaka kuweka tahadhari juu ya obinutuzumabu na ndugu zake. Mtafiti amesema kwamba seli hugandana. Ni kweli, na mabonge hayo hayawezi kupita kwenye mashine mpaka yatenganishwe kwa kunyonywa na kutemwa kwa pipeti. Mwaka 2010 kundi la watafiti nchini Italia lilieleza katika jarida la Blood kwamba kitendo hicho cha kuyatenganisha mabonge huzichana seli, na kwamba sehemu ya vifo vilivyodaiwa kuwa vya moja kwa moja ilikuwa imesababishwa na upimaji. Walipopima bila kuyavunja mabonge, vifo vilipungua sana. Makundi mengine yametumia hadubini na njia zisizogusa seli na kuendelea kutetea kifo cha lisosomu. Kwa hiyo mtu anaponiletea grafu ya aneksini pekee kwa kingamwili inayogandisha seli, swali langu la kwanza ni jinsi alivyoyashughulikia mabonge.

Mwalimu wa Baiolojia aliandika:

Ninawashukuru sana. Maelezo ya mikono na mkia nitayatumia darasani, na suala la azidi limenifumbua macho. Bado ninasumbuliwa na mambo mawili. Ikiwa Fas imo kwenye seli za lukemia na kuishika kunaziua kwa uhakika namna hiyo, kwa nini haijawa dawa tangu mwaka 1989? Na pili, tukimwacha kando fundi na mashine yake, ndani ya mwili wa mgonjwa kuna komplementi, kuna seli za NK, kuna kila kitu. Je, kuna njia ya kujua ni sehemu gani ya uponyaji iliyotokana na mauaji ya moja kwa moja?

Daktari wa Damu alijibu:

Mwalimu, jibu la swali lako la kwanza lilipatikana mwaka 1993, na lilikuwa la kusikitisha. Watafiti wa Japani waliwadunga panya kingamwili inayoshika Fas ya panya, na panya hao walikufa ndani ya saa chache kwa ini kuharibika, kwa kuwa seli za ini nazo zina Fas nyingi na zilitii amri ileile. Tangu hapo kila anayetafuta kingamwili ya kuua moja kwa moja huanza na swali la mahali ambapo shabaha yake inapatikana, kabla ya kuuliza inaua vizuri kiasi gani. Pale ambapo kingamwili inaua kwa kuita wasaidizi, mtu anaweza kuibadilisha mkia ili kupunguza ukali. Ile inayoua kwa mikono yake itaua kila inachokishika chenye swichi hiyo.

CD20 imefanikiwa kwa sababu hiyo hasa. Haimo kwenye seli za shina za uboho, na haimo kwenye seli za plazma zinazotengeneza kingamwili za mgonjwa mwenyewe. Matibabu hufagia limfosaiti B zilizo nzima pamoja na za saratani, lakini baada ya rituksimabu zile nzima huanza kurejea kutoka kwenye uboho katika mwezi wa 6 hivi na kwa kawaida hufikia kiwango chake kufikia mwezi wa 12. Mgonjwa anaweza kuvumilia hasara ya namna hiyo, ingawa ni lazima apimwe homa ya ini ya aina ya B kabla ya dozi ya kwanza, kwani virusi vilivyolala vinaweza kuamka na kumuua.

Swali lako la pili ndilo gumu, nami ningependa kulijibu kwa mfano mmoja unaotajwa mara nyingi kama ushahidi. Katika utafiti uitwao CLL11, uliochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha wagonjwa 781 wa lukemia sugu ya limfosaiti ambao walikuwa na maradhi mengine pia, waliopewa obinutuzumabu pamoja na klorambusili, dawa ya kemikali ya saratani, walikaa muda wa kati wa miezi 26.7 kabla ya ugonjwa kuendelea, ukilinganisha na miezi 15.2 kwa waliopewa rituksimabu pamoja na dawa hiyohiyo. Ni rahisi kusema kwamba tofauti hiyo ni matunda ya mauaji ya moja kwa moja. Mimi siwezi kusema hivyo. Obinutuzumabu ilitengenezwa ikiwa na sukari zilizopunguzwa kwenye mkia wake ili seli za NK ziushike kwa nguvu zaidi, na tena katika utafiti huo ilitolewa kwa dozi kubwa na za karibukaribu zaidi mwanzoni. Mambo matatu, yaani aina ya kingamwili, mkia na dozi, yalibadilishwa kwa pamoja, na matokeo ya kitandani hayawezi kuyatenganisha.

Ninachoweza kukueleza kutoka wodini ni jinsi seli zinavyotoweka kwa kasi. Dozi ya kwanza ya obinutuzumabu ya miligramu 1000 hugawanywa, miligramu 100 siku ya kwanza na 900 inayofuata, na dripu ya siku ya kwanza huenda polepole sana. Mgonjwa hupewa steroidi na dawa za homa na mzio mapema, na mwenye seli nyingi hupewa maji ya kutosha na alopurinoli, kwa sababu seli zikifa nyingi kwa mara moja humwaga potasiamu, fosfati na vitu vinavyogeuka kuwa asidi ya yuriki, na figo au moyo unaweza kusimama kwa kifo hicho cha haraka ambacho ndicho tulichokitaka.

Nitaongeza kwamba kuna dawa za kingamwili ambazo watu huzichanganya na mada hii. Gemtuzumabu, inayolenga CD33 katika lukemia kali ya mieloidi, imebebeshwa sumu iitwayo kalikeamisini, na sumu ndiyo inayoua baada ya seli kuimeza. Blinatumomabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa lukemia kali ya limfosaiti B, hushika CD19 kwa upande mmoja na limfosaiti T kwa upande mwingine, na limfosaiti T ndiyo muuaji. Zote mbili zimewasaidia wagonjwa sana, lakini si mifano ya swali lako.

Msomi wa Uboho alijibu:

Ninakubaliana na Daktari, na ningependa kugusa lukemia kali ya mieloidi kwa kuwa ndiyo iliyoachwa nyuma. Ugumu wake ni kwamba karibu kila protini iliyo juu ya seli zake imo pia juu ya seli changa za uboho zenye afya, na uboho hauwezi kufagiliwa kama limfosaiti B. Kwa hiyo baadhi ya watafiti wameacha kutafuta swichi ya kifo na kutafuta swichi nyingine.

Mwaka 2015 kundi la Richard Lerner katika taasisi ya Scripps huko California lilieleza kingamwili inayoshika na kuwasha kipokezi cha thrombopoietini, homoni ambayo kazi yake ya kawaida ni kuhimiza uboho kutengeneza seli mama za chembe sahani. Walipoitia kwenye seli za lukemia kali ya mieloidi kutoka kwa wagonjwa, baadhi yake ziligeuka kuwa seli zinazofanana na seli za dendritiki (seli za kinga zinazoonyesha limfosaiti T vipande vya adui), na zilipoachwa na kingamwili hiyo kwa muda mrefu zaidi ziligeuka kuwa seli zinazofanana na seli za NK, zenye vimeng'enya vya kuua, nazo zikaanza kuwaua wenzao wa lukemia ileile waliokuwa kando yao. Hapo msaidizi yupo, Mwalimu, ila ametoka ndani ya saratani yenyewe, na ndiyo sababu ninaona kwamba mpaka kati ya kuua moja kwa moja na kuua kwa msaada hauko imara kama vitabu vya kiada vinavyouchora.

Hata kwa CD20 na Fas mpaka huo hulegea. Fundi ameeleza kipande kisicho na mkia. Lakini mwilini, mkia wa kingamwili unaposhikwa na kipokezi cha seli jirani, kingamwili nyingi hushikiliwa mahali pamoja na kuvikusanya vipokezi vya kifo kwa nguvu kuliko ambavyo zingeweza zikielea zenyewe kwenye majimaji. Seli jirani haikuua wala haikumla mtu. Imetoa tu mahali pa kujishikiza. Tayari mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba kingamwili ya CD47, protini nyingine iliyo juu ya utando wa seli, iliyogandishwa juu ya sahani ya maabara iliua seli za lukemia sugu ya limfosaiti pasipo kuhitaji kaspesi. Ukiwauliza wanafunzi wako kama sahani ni msaidizi au si msaidizi, utapata mjadala mzuri wa kipindi kizima.

Kingamwili ya Scripps niliyoitaja haijawa dawa ya lukemia, na matokeo yake yalikuwa ya maabara.